Mnasanzi wako umejaa chungu: uuhamishe, uugawe, au uoteshe majani?

Mnasanzi, ule mmea unaonasa na kula wadudu, ukikaa miaka miwili mitatu kwenye chungu kimoja hufika siku ukawa na vichwa viwili. Majani yanachomoza sehemu mbili tofauti, mitego inabanana, na mingine inafunguka ikiwa imelaliwa na wenzake. Hapo mwenye mmea hubaki na maswali matatu. Niuhamishie tu kwenye udongo mpya? Niugawe uwe mimea miwili? Au nibandue majani machache nioteshe vitoto?

Nimezifuata njia zote tatu kwenye baraza yangu hapa Raleigh, North Carolina, na katika kila njia nimepata mimea hai na nimezika mingine. Ulinganisho huu ni wa yule ambaye ameshauona mmea wake umejaa na hajui aanzie wapi. Ninachokiamini nitakisema mapema: kubadilisha udongo ni lazima, kugawa ni hiari, na anayeamua kama mmea ugawanywe ni tunguu lenyewe lililo chini ya udongo, wala si hamu yetu ya kuwa na vyungu vingi.

Kwa asiyeujua, mnasanzi ni jina ninaloupa mmea ambao wataalamu huuita Dionaea muscipula. Jani lake lina pande mbili zenye meno. Mdudu akigusa vinyweleo vya ndani mara mbili katika muda wa sekunde 20 hivi, pande hizo hujifunga kufumba na kufumbua, naye husagwa humo kwa siku kadhaa. Asili yake ni eneo dogo tu la pwani ya North Carolina na South Carolina, kuzunguka mji wa Wilmington, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka kwangu. Nimekwenda kuiona mara nyingi kwenye hifadhi ya Carolina Beach. Ardhi ya huko ni mchanga mweusi wenye unyevu na tindikali, jua linapiga kati ya misonobari iliyoachana, na moto hupita mara kwa mara kuondoa vichaka. Ni ardhi fukara. Mmea ulijifunza kula wadudu kwa sababu udongo hauna cha kuupa. Ukiukumbuka ufukara huo, maamuzi mengi yaliyo hapa chini utayafikia mwenyewe.

Kuuhamisha bila kuugawa

Wengi hudhani mmea huhamishwa kwa sababu umekua kuliko chungu. Kwa mnasanzi sababu kubwa ni udongo. Piti, yaani kuvumwani iliyooza kwa karne nyingi kwenye vinamasi, huendelea kuoza polepole hata ndani ya chungu. Hushikamana, hewa ikaisha, na kila siku maji yanapopanda juu na kukauka huacha chumvichumvi kidogo nyuma yake. Baada ya mwaka mmoja au miwili, udongo uliokuwa unanyonya kama sponji unakuwa tope. Mizizi hukosa pumzi, mitego inazidi kuwa midogo mwaka hadi mwaka, na mwenye mmea anasema labda unataka mbolea. Akiitia, ameumaliza. Mmea wangu wa kwanza ulikufa hivyo: niliupa udongo mweusi mzuri wa maua, uliochanganywa na mbolea, na ndani ya wiki chache majani yalikuwa meusi mpaka shinani.

Faida ya kuhamisha tu ni utulivu. Ukienda taratibu mmea haupotezi hata mzizi mmoja, na mitego ya masika inakuja mikubwa kuliko ya mwaka uliopita. Kundi la vichwa vitatu au vinne kwenye chungu kipana pia linapendeza kuliko vyungu vinne vyenye kichwa kimoja kimoja. Nina chungu kimoja cha sentimita 20 ambacho kila mwaka nakibadilishia udongo tu, sikigawi, na wageni wakija barazani ndicho wanachokiinamia.

Hasara yake ni kwamba vichwa vinashindania mwanga, na huna akiba. Ukungu ukiingia kwenye tunguu moja, unahamia kwa jirani yake kabla hujagundua. Mwenye chungu kimoja chenye vichwa vitano yuko kwenye hatari kuliko mwenye vyungu viwili.

Kuugawa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mimea mingi inapopotea.

Nilikulia Kagera, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba. Bibi yangu hakuwa anachimba mche kwa sababu tu umeonekana kando ya mama. Aliutazama kwanza jani. Mche wenye majani membamba yaliyochongoka kama upanga aliuchukua, kwa sababu una tunguu nene na mizizi yake. Ule uliokimbilia kutoa majani mapana ungali mdogo aliuacha, kwa kuwa chini hauna kitu. Miaka mingi baadaye, nikiwa na mnasanzi mkononi hapa ughaibuni, nilikuta ninafanya kazi ile ile kwa kipimo cha kucha ya kidole.

Tunguu la mnasanzi ni jeupe, limelala ubavu chini ya udongo, na kwa nje linafanana na kitunguu kidogo kilichofunikwa na mashina ya majani. Mbele yake kuna moyo, yaani sehemu yanakotokea majani mapya. Mmea ukishiba jua na maji safi, tunguu hujigawa lenyewe: moyo wa pili unajitokeza ubavuni, unajitengenezea mizizi, na baada ya msimu mmoja au miwili kinachoushikilia kwa mama ni uzi mwembamba tu. Kugawa maana yake ni kuukamilisha mgawanyo ambao mmea umeshauanza. Kuna wanaougawa mmea ambao haujaanza, na hao hupata vipande viwili vya jeraha.

Ndiyo maana nasema usiamue ukiwa unautazama kutoka juu. Majani yakibanana yanaweza kukudanganya, kwani kichwa kimoja kilichonona huonekana kama viwili. Utoe mmea, uuoshe, uushike kwa tunguu, ndipo uhesabu. Kwa kila kichwa unachotaka kukitenga jiulize: kina moyo wake? Kina mizizi yake, walau miwili mirefu? Kina majani yasiyopungua matatu? Majibu yote yakiwa ndiyo, kiko tayari. Likikosekana moja, kirudishe na mama yake mpaka mwakani.

Faida ya kugawa ni kubwa kwa mwenye aina maalumu. Watu wametengeneza aina nyingi za mnasanzi, kama 'Akai Ryu' ambao ni mwekundu mmea mzima, au 'B52' wenye mitego mikubwa sana. Mbegu za mimea hiyo hazizai mfano wake. Kipande cha tunguu kinazaa nakala halisi, na kwa kuwa kimeondoka na mizizi yake, msimu huo huo kinaweza kukamata nzi. Hakuna njia ya nyumbani inayokupa mmea mkubwa upesi hivyo.

Bei unayolipa ni msimu mmoja wa kuduwaa. Vipande vidogo huanza na mitego midogo, mingine mifu, na mama naye hutulia kwa wiki kadhaa. Mmea uliotoka kuugua, au ulionunuliwa wiki iliyopita kutoka dukani ukiwa na tope, haupaswi kulipishwa bei hiyo. Huo uhamishe tu, uupe mwaka mzima wa kupona.

Mkono au kisu?

Hili huulizwa sana, na jibu langu ni mkono. Nashika vichwa viwili chini kabisa, penye weupe, navizungusha pole pole kuelekea pande tofauti kama mtu anayetenganisha punje za kitunguu saumu. Vilivyo tayari huachana vyenyewe kwa mlio mdogo wa kukatika. Vikigoma, nasimama, kwa sababu ugumu huo ni taarifa kutoka kwa mmea.

Kisu nakitumia kwa nadra, pale ambapo vichwa vyote viwili vina mizizi mizuri lakini bado vimeshikana kwa kipande kinene. Wembe mpya au kisu chembamba, kilichopanguswa kwa spiriti, pigo moja. Jeraha la kisu ni pana na laini, na ukungu hupenda mahali pa namna hiyo. Jeraha la mkono hufuata mshono wa mmea wenyewe, kwa hiyo huwa dogo. Ukilazimika kukata, kiache kipande dakika chache kwenye hewa kabla ya kukipanda, na usikizamishe majini wiki ya kwanza.

Kuotesha jani

Njia ya tatu inahitaji subira kuliko ujuzi. Wakati umetoa mmea kwa ajili ya kubadilisha udongo, shika jani moja la nje lenye afya na ulivute kuelekea chini, libanduke pamoja na kipande cheupe cha shina. Weupe huo ndio uhai wa njia hii. Jani lililokatwa juu, penye kijani tupu, linaoza. Lilaze juu ya kuvumwani yenye unyevu, sehemu nyeupe ifunikwe kidogo, funika chombo kwa plastiki angavu, weka penye mwanga mwingi usio wa jua kali. Baada ya mwezi mmoja hadi miwili jani lenyewe litakuwa limekauka nusu, na penye weupe utaona vimitego vya ukubwa wa kichwa cha kiberiti.

Njia hii haimgusi mama kabisa, na jani moja laweza kutoa vitoto viwili au vitatu. Ndiyo nzuri kwa mwenye kichwa kimoja tu ambacho hakigawanyiki, naye anataka akiba. Lakini hesabu miaka miwili au mitatu kabla hujaona mtego wa kujivunia, na katika majani kumi usishangae manne yakioza. Mbegu ni polepole zaidi, miaka mitatu hadi mitano, kwa hiyo sikuziweka kwenye ulinganisho huu.

| | Kuhamisha tu | Kugawa | Kuotesha jani |
|---|---|---|---|
| Unaanza na nini | Mmea wowote, hata dhaifu | Mmea wenye nguvu, vichwa viwili au zaidi vyenye mizizi | Jani zima lenye weupe chini |
| Unapata nini | Mmea ule ule, ukiwa na nafuu | Mimea miwili au zaidi, nakala halisi | Vitoto vidogo, nakala halisi |
| Mpaka mitego mikubwa | Masika hayo hayo | Msimu mmoja hadi miwili | Miaka miwili hadi mitatu |
| Hatari kwa mama | Ndogo | Ya kati | Karibu hakuna |
| Mara ngapi | Kila mwaka mmoja au miwili | Tunguu likiwa tayari | Wakati wowote wa ukuaji |

Mwisho wa baridi au katikati ya joto?

Mnasanzi hulala. Kuanzia Novemba hapa kwetu majani ya kiangazi yanakuwa meusi, yanabaki madogo yaliyolala juu ya udongo, na mmea unakaa hivyo miezi mitatu au minne. Wageni hudhani umekufa na kuutupa. Chini ya udongo tunguu limejaa akiba.

Wakati bora wa kuhamisha na kugawa ni mwisho wa usingizi huo, Februari mpaka mwanzoni mwa Machi kwa walio kaskazini ya dunia. Majani ni machache na hayakusumbui, mizizi mipya haijaanza kukimbia, na jeraha lolote linapata masika nzima ya kupona. Nikigawa Februari, Mei vipande vinakamata wadudu.

Katikati ya joto inawezekana kuhamisha, na kuna wakati inabidi: umenunua mmea kwenye duka la bustani ukakuta umepandwa kwenye tope linalonuka. Uhamishe bila kuusubirisha. Ila kugawa Julai sishauri. Majani ni mengi na yanapoteza maji, mizizi iliyokatika haiwezi kuyafidia, na mmea unanyauka mbele ya macho yako. Mwaka mmoja niligawa mitatu mwezi wa saba kwa sababu rafiki alikuwa anasafiri na nilitaka apate kipande. Kipande chake hakikufika Agosti.

Ukiwa unahamisha masika na ukaona kichwa cha ua kinachomoza, chembamba na cha mviringo tofauti na jani, kikate kikiwa na urefu wa sentimita tano hivi. Maua yake ni meupe na mazuri, lakini yanakula nguvu nyingi, na mmea uliogawanywa hauna nguvu za kugharamia harusi mwaka huo.

Udongo: michanganyiko mitatu

Piti na perlaiti, nusu kwa nusu, ndio mchanganyiko ninaoutumia kwa mimea mingi mikubwa. Perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi kama bisi, hushikilia nafasi za hewa. Mchanganyiko huu ni rahisi kuuosha kwenye mizizi mwaka unaofuata, jambo ambalo mtu halifikirii anapopanda na hulishukuru anapogawa. Udhaifu wake ni kwamba perlaiti huelea juu kila mvua inaponyesha kwa nguvu. Soma mfuko vizuri: piti au perlaiti iliyoandikwa kwamba imeongezwa mbolea haifai, hata kama ni kidogo.

Piti mbili kwa mchanga mmoja wa silika ndio unaokaribia zaidi ardhi ya Wilmington. Chungu kinakuwa kizito, hakipinduliwi na upepo barazani. Mchanga uwe umeoshwa mpaka maji yatoke angavu. Wa baharini usiujaribu kabisa kwa sababu ya chumvi na makombe, na wa ujenzi mara nyingi una chokaa, kitu ambacho mmea wa tindikali hauwezi kukivumilia.

Kuvumwani ya sfagnamu yenye nyuzi ndefu, bila kuchanganywa na kitu, ndiyo ghali kuliko yote lakini ndiyo ninayoichagua kwa vipande vidogo vilivyotoka kugawanywa na kwa majani ya kuotesha. Inashika maji na hewa kwa pamoja, na jeraha haliozi upesi humo. Kwa mmea mkubwa ina tabu yake: nyuzi hujisokota kwenye mizizi, na mwakani utatumia nusu saa kuzitoa moja moja. Vaa glavu unapoishika, maana ndani yake huweza kuwamo ukungu unaoingia mwilini kupitia mikwaruzo na kuleta vidonda.

Wengi kutoka pwani ya nyumbani huniuliza juu ya unga wa makumbi ya nazi. Swali ni zuri, kwani unga huo unapatikana tele na unanyonya maji vizuri. Lakini aliyewaona akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wakifukia makumbi kwenye mchanga wa bahari ili wapate usumba wa kusokota kamba anajua makumbi hayo yamekunywa nini. Chumvi. Ukiwa huna kingine, uloweke kwenye maji ya mvua, umwage, urudie siku kadhaa, na uujaribishe kwanza kwa mmea mmoja tu. Mimi nikiwa na piti siugusi.

Piti kavu hukataa maji. Ichanganye na maji ya uvuguvugu, uiache ilale usiku mzima, ndipo upande asubuhi.

Chungu na maji, kwa ufupi

Kati ya plastiki na udongo wa kufinyanga, chukua plastiki. Chungu cha kufinyanga kisichopakwa rangi ya kioo hupitisha chumvi na madini, na hukausha pembeni. Kiwe na kina cha sentimita 10 kwenda juu, kwani mizizi hushuka chini moja kwa moja, na kiwe na matundu.

Maji ni ya mvua, au yaliyokenekwa. Ya bomba katika miji mingi yana madini mengi mno, na kuyachemsha hakusaidii, maana kuchemsha kunaua vijidudu na kuyaacha madini ndani ya maji yaliyopungua. Yale maji safi yanayouzwa ya kuongezea kwenye betri za magari yanafaa, mradi uhakikishe ni maji matupu wala si asidi. Weka chungu kwenye sinia lenye maji ya sentimita moja au mbili, uache yapande yenyewe.

Siku ya kazi

Utaratibu wangu ni ule ule, nigawe nisigawe. Nabonyeza chungu pande zote, nakipindua, mmea unatoka na bonge lake. Naulowesha kwenye beseni la maji ya mvua mpaka udongo udondoke wenyewe. Hapo mtu mgeni hushtuka, kwa sababu mizizi ni myeusi. Usiikate. Mizizi hai ya mnasanzi ni myeusi, migumu kidogo, na ncha zake ni nyeupe. Iliyooza ni laini, ukiibana inabaki ngozi tupu. Naondoa majani meusi na magamba makavu ya mwaka jana yaliyozunguka tunguu, nahesabu mioyo, naamua.

Kupanda, natoboa shimo refu kwa kijiti, nateremsha mizizi yote iwe wima, tunguu jeupe linafunikwa, moyo unabaki sawa na uso wa udongo. Ukiuzika moyo, unaoza. Ukiliacha tunguu wazi, linakauka. Namwagia maji kutoka juu mara moja ili udongo ukae, kisha sinia linaendelea na kazi. Kivuli chenye mwanga kwa wiki moja, halafu jua la asubuhi, halafu jua la kutwa. Wadudu nauachia mmea wenyewe uwatafute. Mmea uliotoka kugawanywa siulishi kwa mkono wala sichezei mitego yake, kwa sababu kila mtego unaofungwa bure umetumia nguvu inayohitajika chini.

Kwa walio Afrika Mashariki

Tatizo la Nairobi au Arusha ni usingizi. Mchana una saa kumi na mbili karibu mwaka mzima, na usiku wa baridi ya nyuzi 10 hauwi wa miezi mitatu mfululizo. Mmea usiolala hudhoofika baada ya mwaka mmoja au miwili. Wanaoufuga katika nchi za joto huutoa kwenye chungu, huuosha, hulifunga tunguu kwa kuvumwani yenye unyevu kidogo ndani ya mfuko, na kuuweka kwenye friji, kwenye nyuzi 2 hadi 5, kwa miezi mitatu. Kwao basi uamuzi umerahisishwa: siku ya kuutoa kwenye friji mmea uko uchi mkononi, na hakuna siku bora kuliko hiyo ya kuhesabu mioyo na kugawa. Kumbuka pia kwamba mnasanzi umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kuuvusha mpaka kunataka vibali vya biashara ya mimea pamoja na cheti cha afya ya mmea.

Na aliye hapa North Carolina asiende kuchimba porini, hata kama ni kimoja. Tangu Desemba 1, 2014, kuuchukua mnasanzi kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa ni kosa kubwa la jinai katika jimbo hili, na mashamba ya pori yenyewe yamepungua sana. Vipande vinavyotoka kwenye vyungu vyetu vinatosha kugawiana.

Mwaka huu mezani kwangu

Vyungu vilivyokuwa vimejaa Februari hii vilikuwa vitatu. Cha kwanza, 'B52', kilikuwa na vichwa vitatu vilivyoachana mara tu nilipovigusa, kila kimoja na mizizi mitatu minne. Nilivigawa vyote, viwili vikaenda kwenye kuvumwani, mama akarudi kwenye piti na perlaiti. Cha pili kilionekana kutoka juu kama kina vichwa viwili. Nilipokiosha nikakuta moyo wa pili hauna hata mzizi mmoja. Nikabadilisha udongo, nikaurudisha ulivyo. Cha tatu ni 'Akai Ryu' wenye kichwa kimoja, uliopona ukungu mwaka jana. Huo sikuugawa wala sikuuhangaisha, ila nilibandua majani mawili ya nje yenye weupe mzuri. Moja limeoza. Lingine, juzi asubuhi, nimeona limetoa kitu chekundu cha ukubwa wa punje ya mchele.